Faraday naye alikosea kabla ya kufaulu

Majuma machache yaliyopita mpwa wangu, ambaye yuko katika shule ya upili, alinijia na karatasi ya mtihani wa fizikia iliyosahihishwa kwa wino mwekundu. Swali moja lilikuwa limemkosesha raha. Aliulizwa kuhusu transfoma yenye mizunguko 100 ya waya upande wa kuingizia umeme na mizunguko 1,000 upande wa kutolea. Upande wa kwanza umeunganishwa na betri ya volti 12, swichi imefungwa, na muda umepita. Je, upande wa pili una volti ngapi? Mpwa wangu alizidisha kwa 10, akaandika volti 120, na mwalimu wake akampa sufuri. Alipouliza jibu sahihi ni lipi, akaambiwa kuwa ni sufuri vilevile, naye akadhani anafanyiwa mzaha.

Nilipoisoma karatasi ile nilicheka, kisha nikanyamaza. Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana wa umri wake, niliandika jibu lilo hilo kwa swali la namna iyo hiyo. Mwalimu wangu wa wakati huo, ambaye sina haja ya kumtaja, alilisoma jibu langu mbele ya darasa, na darasa likaangua kicheko. Hakueleza kwa nini nimekosea. Mwisho wa muhula ule niliiacha fizikia, nikashika njia ya lugha iliyonifikisha katika chumba cha mihadhara ninamofundishia isimu hadi leo. Sijuti kuwa mwanaisimu. Ninachojutia ni kwamba niliondoka nikiamini kuwa sina akili ya kuielewa fizikia, na wapo maelfu ya vijana wetu wanaoondoka na imani kama hiyo kila mwaka.

Ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba kosa langu lilikuwa na mtangulizi mwenye jina kubwa. Mtu aliyegundua jinsi sumaku inavyozua umeme, Michael Faraday, aliishi na kosa ilo hilo kwa karibu miaka 10. Walimu wa fizikia na waniwie radhi nikiingia katika uwanja wao. Nataka kuyasimulia maisha ya mtu huyu kwa sababu naamini kuwa mwalimu anayeyajua atakisahihisha kitabu cha mwanafunzi kwa jicho jingine.

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 katika kitongoji cha Newington Butts, kusini mwa London. Baba yake alikuwa mhunzi mwenye afya dhaifu, na jamaa yote iliishi kwa kubangaiza. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Alipofikia umri wa miaka 13 alianza kutumwatumwa na muuza vitabu mmoja aliyeitwa George Riebau, na mwaka wa 1805 akawa mwanagenzi wake katika kazi ya kujalidi vitabu, yaani kushona kurasa na kuzitia majalada. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka 7.

Wanagenzi wengi wangalivishona vitabu na kuviweka kando. Faraday alivisoma. Mikononi mwake ilipita ensaiklopidia yenye makala marefu kuhusu umeme, na kikapita pia kitabu cha kemia alichoandika bibi mmoja, Jane Marcet, kwa ajili ya watu wasio wataalamu. Jambo la kuzingatia ni kwamba hakuridhika kuyasadiki aliyoyasoma. Kwa senti chache alizokuwa nazo alijitengenezea vyombo vidogo, akajaribu mwenyewe kuona kama kitabu kimesema kweli. Tabia hiyo hakuiacha mpaka uzeeni.

Mwaka wa 1812 mteja mmoja wa duka lile alimpa tikiti za kuhudhuria mihadhara ya mkemia mashuhuri Humphry Davy katika Royal Institution, taasisi ya sayansi iliyoko mtaa wa Albemarle mjini London. Kijana aliandika kila alichokisikia, akachora michoro, akayajalidi maandishi yake kwa ustadi wa kazi yake, kisha akampelekea Davy na kumwomba ajira. Machi 1813, nafasi ya msaidizi wa maabara ilipotokea, Davy alimchukua. Mwezi wa Oktoba mwaka uo huo akamchukua safarini kuzunguka Ulaya. Katika safari hiyo mke wa Davy alimtendea Faraday kama mtumishi wa nyumbani, lakini pia ndiyo iliyomkutanisha na Ampère kule Paris na Volta kule Milan, watu wawili ambao majina yao wanafunzi wetu huyaandika kila siku wanapotaja ampea na volti.

Habari ya umeme na sumaku ilianza kusisimua dunia mwaka wa 1820. Mtaalamu wa Denmark, Hans Christian Ørsted, aliona kuwa sindano ya dira hugeuka ikiwekwa karibu na waya unaopitisha mkondo wa umeme. Mwaka uliofuata Faraday alifanya waya wenye mkondo uzunguke sumaku bila kukoma, na huo ukawa mwanzo wa mota. Ugunduzi huo ulimletea sifa na masumbuko kwa pamoja, maana wapo waliodai kuwa ameitumia fikra ya mwanasayansi mwingine, Wollaston, bila ya kumtaja. Hata alipopendekezwa kuingia katika Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza, Davy aliyemlea alipinga. Hata hivyo alichaguliwa mwaka wa 1824.

Sasa tufike penye kiini cha hadithi. Kama umeme unaozaa sumaku upo, je, sumaku haiwezi kuzaa umeme? Faraday alijiandikia jukumu hilo katika daftari lake mwaka wa 1822, na katika miaka iliyofuata alijaribu mara kadhaa. Aliweka waya kando ya waya mwingine uliokuwa na mkondo, akatazama kama mkondo wowote utazuka katika ule mtupu. Hakuona kitu. Aliyokuwa akiyatarajia ni yale yale aliyoyatarajia mpwa wangu: kwamba maadamu upande mmoja una mkondo uliotulia, basi upande wa pili nao utakuwa na mkondo uliotulia.

Wala hakuwa peke yake. Kule Geneva, mwaka wa 1825, Jean-Daniel Colladon aliingiza sumaku ndani ya koili ya waya. Alihofia kwamba sumaku yake ingeisumbua sindano ya galvanomita, kwa hiyo akakiweka chombo hicho katika chumba kingine na kukiunganisha kwa nyaya ndefu. Aliingiza sumaku, kisha akatembea hadi chumba cha pili kuitazama sindano. Aliikuta imetulia. Umeme ulikuwa umezuka na kutoweka akiwa njiani. Msomaji na atafakari: mtaalamu yule alikuwa na vyombo vyote vilivyohitajika, na kilichomnyima ugunduzi ni dhana tu, kwamba athari anayoitafuta itamngojea mpaka afike.

Tarehe 29 Agosti 1831 Faraday alitwaa pete ya chuma laini yenye upana wa inchi 6 hivi. Upande mmoja aliuzungushia waya wa shaba, na upande wa pili akauzungushia waya mwingine, kila mzunguko ukitengwa na mwenzake kwa uzi na kitambaa. Upande wa pili aliuunganisha na waya uliopita juu ya sindano ya dira. Alipounganisha upande wa kwanza na betri, sindano ilitikisika, ikayumba, kisha ikarudi mahali pake na kutulia ingawa betri ilikuwa bado inapeleka mkondo. Alipoikata betri, sindano ilitikisika tena. Katikati ya matukio hayo mawili haikusogea hata kidogo.

Hapo ndipo alipoanza kuona kuwa kinachozua umeme ni badiliko. Sumaku iliyotulia haizui umeme katika koili iliyotulia, hata iwe na nguvu namna gani. Tarehe 17 Oktoba alithibitisha kwa njia iliyo nyepesi zaidi: aliingiza sumaku ndani ya koili, sindano ikaenda upande mmoja, akaitoa, ikaenda upande mwingine, akaiacha ndani, sindano ikalala. Siku 11 baadaye alizungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku kubwa, akapata mkondo usiokatika, na jenereta ya kwanza ikawa imezaliwa. Kazi yote ilisomwa mbele ya Royal Society tarehe 24 Novemba. Takriban wakati uo huo Joseph Henry kule Marekani aliugundua ukweli huo kwa njia yake mwenyewe.

Pete ile ya chuma, ambayo imehifadhiwa hadi leo katika Royal Institution, ni transfoma katika umbo lake la kwanza. Mwalimu akiielewa vyema anaweza kuyajibu karibu makosa yote ambayo wanafunzi huyafanya katika somo hili.

Kosa la kwanza ni lile langu na la mpwa wangu. Betri hutoa mkondo uliotulia, na mkondo uliotulia huzaa sumaku iliyotulia. Upande wa pili hupata mshtuko mmoja wakati wa kufunga swichi na mwingine wakati wa kuifungua, basi. Ndiyo maana transfoma hutaka mkondo geu, yaani ule unaokwenda na kurudi. Umeme wa majumbani mwetu hufanya mizunguko 50 kila sekunde, kwa hiyo sumaku ndani ya chuma haipati nafasi ya kutulia.

Kosa la pili ni kudhani kuwa mkondo hupita ndani ya chuma kutoka koili ya kwanza hadi ya pili. Faraday alitenga nyaya zake kwa uzi na kitambaa; hazikugusana. Kinachopita katika chuma ni nguvu za sumaku. Hapa ndipo linapozuka swali la kwa nini chuma cha transfoma hutengenezwa kwa mabamba membamba yaliyotengwa moja kwa moja. Wanafunzi wengi huandika kuwa ni ili joto litoke upesi. Sababu hasa ni kwamba sumaku inayobadilika huzua mikondo hata ndani ya chuma chenyewe, kama ilivyozuka katika sahani ya shaba, na mikondo hiyo ingekipasha chuma joto bure. Mabamba yaliyotengwa huizuia isikue.

Kosa la tatu linahusu mwelekeo. Mwaka wa 1834 Heinrich Lenz, aliyekuwa St. Petersburg, aliweka kanuni ambayo wanafunzi huikariri kwamba umeme unaozuka huipinga sumaku. Wakikomea hapo wamepotea. Umeme huo hulipinga badiliko. Sumaku ikija, koili huisukuma; ikiondoka, koili huivuta. Sindano ya Faraday iliyokwenda upande huu na kisha upande ule ilikuwa ikisema jambo hilo.

Kosa la nne huwanasa hata wanafunzi hodari. Koili inapozunguka kati ya ncha za sumaku, wao hudhani kuwa volti huwa nyingi kabisa pale nguvu za sumaku zinazopita ndani ya koili zinapofikia kilele. Mfano wa bembea unaweza kuwafaa. Mtoto aliye katika bembea akifika juu kabisa, kwa nukta ile hana mwendo wowote. Mwendo wake mkubwa huwa chini. Vivyo hivyo, nguvu za sumaku zikifikia kilele hazibadiliki kwa nukta ile, na volti huwa sufuri.

Faraday hakuifanya pete yake kuwa chombo cha biashara. Transfoma iliyofaa kwa kazi ilitoka Budapest mwaka wa 1885, mikononi mwa wahandisi watatu wa kampuni ya Ganz: Zipernowsky, Bláthy na Déri. Kuanzia hapo umeme uliweza kusafirishwa mbali, na hapo ndipo kosa la tano linapoingia, ambalo kwa maoni yangu ni kosa la lugha kabla ya kuwa la fizikia.

Sisi Wakenya tuna neno moja, stima. Neno hilo awali lilikuwa jina la meli ya mvuke, lakini leo tunasema stima imepotea, stima ni kidogo, stima ni ghali, stima imemrusha fulani. Ndani ya neno hilo moja tumefungia volti, mkondo, nguvu inayotumika kwa kila sekunde, na jumla ya nishati tunayoilipia mwisho wa mwezi. Mwanafunzi akisikia kuwa transfoma hupandisha volti, akilini mwake husikia kuwa transfoma huongeza stima, na kwa hiyo huamini kuwa hutoa zaidi ya inavyopokea. Aidha, jina la chombo chenyewe, lenye maana ya kigeuzaji, humfanya mwingine aandike kuwa hugeuza nishati ya umeme kuwa nishati ya aina nyingine. Umeme ndio unaoingia na umeme ndio unaotoka.

Hesabu ndogo huondoa utata. Taa ya wati 24 inayotumia volti 12 huvuta ampea 2. Ikiwashwa kupitia transfoma inayoteremsha volti 240 hadi 12, na tukipuuza upotevu mdogo wa chombo, upande wa volti 240 huvuta ampea 0.1 tu. Volti zikipanda, mkondo hupungua kwa kipimo kile kile. Hiyo ndiyo sababu umeme wa mabwawa ya Mto Tana, kama vile Gitaru na Kindaruma, husafirishwa kwa nyaya za kilovolti 132 na 220. Nguvu ile ile ikisafirishwa kwa kilovolti 132 badala ya 11, mkondo hupungua mara 12, na kwa kuwa joto linalopotea katika waya hufuata mraba wa mkondo, upotevu hupungua mara 144. Mwanafunzi anayeandika kuwa volti hupandishwa ili umeme ukimbie haraka amelikariri jibu la rafiki yake.

Faraday mwenyewe alilijua tatizo la maneno. Alipokuwa akichunguza jinsi umeme unavyovunja michanganyiko ya kemikali, aliona kuwa maneno yaliyotumika yalibeba dhana ambazo hakuzikubali. Watu waliziita sehemu mbili zinazoingiza umeme katika kimiminiko ncha, kama ncha za sumaku, na neno hilo lilimfanya kila mtu aamini kuwa zinavuta vitu kwa mbali. Mwaka wa 1834 alimwandikia William Whewell, msomi wa Cambridge aliyebobea katika lugha za kale, kuomba maneno mapya. Kutokana na Kigiriki yakapatikana anodi, kathodi na ayoni, maneno ambayo wanafunzi wetu wa kemia huyatumia bila kujua kuwa yalizaliwa kwa sababu mgunduzi aliogopa kudanganywa na neno. Mimi niliye mwanaisimu najivunia kisa hicho kuliko kingine chochote katika maisha yake.

Kuna jambo jingine ambalo lingewafaa walio dhaifu katika hesabu. Faraday hakujua hisabati ya juu. Aliwaza kwa picha, akitazama jinsi unga wa chuma unavyojipanga kando ya sumaku, akaziita safu zile mistari ya nguvu. Wenzake wengi walizidharau picha hizo. Alikuwa James Clerk Maxwell, kuanzia katikati ya miaka ya 1850, aliyezitia katika lugha ya hisabati na kuonyesha kuwa zilikuwa na kina kikubwa. Tunapoanza somo hili kwa fomula ya mizunguko na volti, tunawanyima wanafunzi mlango alioupitia mwenye ugunduzi.

Uzeeni kumbukumbu yake ilianza kumtoka, ingawa aliendelea kuwafundisha vijana kila alipoweza. Kati ya 1827 na 1860 alitoa mfululizo wa mihadhara ya Krismasi kwa ajili yao mara 19. Alikataa cheo cha heshima cha taji, na mara mbili alikataa kuwa rais wa Royal Society. Mwaka wa 1858 malkia alimpa nyumba ya kuishi Hampton Court, na humo ndimo alimofariki tarehe 25 Agosti 1867. Alizikwa katika makaburi ya Highgate, London.

Ombi langu kwa walimu ni dogo. Kabla ya kuandika fomula ubaoni, mpe kila mwanafunzi sumaku, koili na galvanomita, na umwache aiweke sumaku ndani na kuitazama sindano ikilala. Muulize aeleze alichokiona kwa lugha yoyote aliyo nayo, ikiwemo ile anayozungumza na nyanyake, kisha umsaidie kulitenga neno stima katika sehemu zake nne. Na anapoandika volti 120, usiwasomee wenziwe jibu lake. Muulize alikuwa akifikiri nini, kwa sababu fikra hiyo ilikuwa ya Faraday na ya Colladon kabla ya kuwa yake.

Mpwa wangu nilimsimulia habari hizi zote jioni ile. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama inawezekana kuiona sindano ikitikisika. Nilimwambia kwamba maabara ya shule yao ina vyombo hivyo, na kwamba amwombe mwalimu wake. Bado nangoja kusikia kama aliruhusiwa.